Uvimbe wa tezi ya juu ya figo: matundu au kufungua tumbo?

Swali: Mama yangu ana miaka 54. CT skani imeonyesha uvimbe wa sentimita 7 kwenye tezi ya juu ya figo (adrenali), upande wa kulia. Daktari anataka kumfungua tumbo. Kwa nini asitumie matundu (upasuaji wa kamera na vifaa vyembamba), wakati tunasikia mgonjwa hupona haraka?

Jibu: Ni kweli, hupona haraka. Matundu ni 3 au 4, ya milimita 5 hadi 12, na wengi huruhusiwa baada ya siku 1 hadi 3; aliyefunguliwa tumbo hukaa wodini karibu wiki. Uvimbe mdogo usio na dalili za saratani hutolewa kwa matundu.

Kinachoamua ni kama uvimbe utatoka mzima, na ganda lake. Saratani ya gamba (tabaka la nje) la adrenali huwa tepetepe, hupasuka kirahisi ikibanwa na vifaa; ikipasuka, chembe za saratani humwagika tumboni na ugonjwa hurudi. Kadiri uvimbe unavyopita sentimita 4, ndivyo shaka ya saratani inavyokua. Hata hivyo sentimita 7 peke yake haimzuii daktari mzoefu kutumia matundu. Kinachomzuia ni uvimbe wenye kingo zisizo sawa, ulioingia kwenye ini au vena kava (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni), au wenye tezi za limfu zilizovimba jirani. Mwulize daktari ripoti ya CT inasemaje kuhusu hayo, na namba ya Hounsfield (kipimo cha CT cha uzito wa tishu) kabla ya dawa ya kung'arisha picha: 10 kushuka chini, kwa uvimbe ulio sawa kote, huashiria mafuta mengi, na hiyo ni habari njema: si kawaida ya saratani.

Kulia kuna hatari yake. Vena ya adrenali ni fupi mno na huingia moja kwa moja kwenye vena kava. Ikichanika, damu hufoka na huenda tumbo likafunguliwa palepale. Kwa hiyo hata akikubaliwa matundu, mama asaini ridhaa ya njia zote mbili.

Msikubali kipimo cha metanefrini (mabaki ya homoni za adrenalini, kwenye damu au mkojo) kirukwe, wala uvimbe usichukuliwe kipande cha kupima (biopsi) kabla yake. Zikiwa juu mno, huenda ni feokromositoma, uvimbe unaomwaga homoni za kupandisha presha: anahitaji dawa ya kuzuia alfa (hulegeza mishipa ya damu), kama doksazosini, siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji. Beta-bloka (dawa ya kupunguza mapigo ya moyo) ikitangulia hiyo ya alfa, presha inaweza kupanda ghafla.

Kortisoli, homoni nyingine ya tezi hii, nayo ipimwe. Ikiwa juu kwa sababu ya uvimbe, tezi ya kushoto huwa imelala, na baada ya upasuaji atahitaji haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kortisoli. Akiikosa, presha hushuka, hutapika, na anaweza kufa.