Mleta uzi, hiyo ya skrubu tatu usiipakie risasi sita

Ngoja kwanza, mkuu. Rudisha hiyo pesa mfukoni.

Unasema uko Fort Worth, huku Texas, grini kadi umeshapata, unataka rivolva ya kikauboi, ile ya kukoki kwa dole gumba kila risasi, ya kulengea shabaha wikendi na pia ikae ndani kwa ajili ya wezi. Umeuliza kaliba, urefu wa mtutu, mpya au ya zamani. Halafu mwishoni ukapenyeza kasentensi kamoja: umepata rivolva ya Ruger Blackhawk ya 1968, ile yenye skrubu tatu ubavuni mwa fremu, na muuzaji kakwambia "pakia zote sita, nyundo iache kwenye mlio wa kwanza, hapo ndipo sefti." Kasentensi hako ndiko kamenitoa kitandani. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, na kigimbi changu cha kulia kina makovu mawili, risasi ilipoingilia na ilipotokea.

Ilikuwa 2017, Houston, naendesha malori, mwezi huo nimelipwa vizuri. Nimekulia Tabora, sinema za kauboi tumezitazama kwenye banda la video, tukitoka kila mtu ana kijiti kiunoni. Kwa hiyo nilipoiona nakala ya ile rivolva ya kikauboi ya Colt, muundo wa 1873, kwenye meza ya mzee mmoja wa maonyesho ya silaha, akili ilishahama. Mzee ana sharubu, bizimu ya mkanda wake ina kichwa cha ng'ombe, nani atambishia? Nikamuuliza sefti iko wapi. Akavuta nyundo kidogo, ikalia tik, akasema hapo hapo, wazee wetu walibeba sita hivyo. Yule mzee, popote alipo, Mungu anamwona. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu wa kueleza, na alitaka nisogee mteja mwingine apite.

Wiki tatu baadaye tuko kwa shemeji, nje ya mji, tunachoma mbuzi. Nimeivaa, maana niliinunua ya nini? Holsta ina kile kikamba cha kuvisha kwenye nyundo ili bastola isichomoke. Sikukivisha. Kilikuwa kinanichelewesha nikifanya mazoezi ya kuchomoa mbele ya kioo (ndiyo, cheka). Nikainama kuchukua mfuko wa mkaa. Ikateleza, ikashuka kichwa chini, nyundo ikatangulia kwenye zege. Mlio sikuusikia, nilisikia filimbi tu masikioni, nikaangalia suruali nikaona inatoka moshi. Risasi ilipanda, ikapita kwenye kigimbi, ikatoboa bati la banda la gari. Hatua moja kushoto kwangu alikuwa amesimama binti wa shemeji, miaka tisa, ameshika sahani ya kachumbari. Hakuidondosha. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Bili ya hospitali siitaji, mke wangu anasoma humu. Ungenunua rivolva mpya kumi na mbuzi wa pili. Na huku hospitali wakiona jeraha la risasi wanawaita polisi, kwa hiyo nikakaa kitandani naeleza mara tatu kwamba aliyenipiga ni mimi.

Sasa sikiliza. Ule mlio wa kwanza siyo sefti ya kuiamini. Kwenye muundo wa 1873, msumari unaogonga risasi uko kwenye nyundo yenyewe. Kwenye Ruger za kabla ya 1973 uko kwenye fremu, lakini nyundo inaulalia. Yote ni mamoja: kikigongwa kisogo cha nyundo, risasi inaondoka. Kinachozuia pale kwenye tik ni ncha nyembamba ya triga iliyoingia kwenye kipengo cha nyundo. Yangu ilivunjika. Fundi alinionyesha kipande kwenye kiganja, kidogo kuliko punje ya mchele.

Kwa hiyo TANO. Vuta nyundo nusu, fungua kilango cha pembeni cha kupakilia risasi, weka moja, ruka moja, weka nne, kisha koki mpaka mwisho na uishushe nyundo taratibu, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Nyundo italala kwenye tundu tupu. Usiniamini mimi wala hesabu yako, chungulia kwa pembeni uone vitako vya risasi. Usiku umechoka? Tano. Uko renji peke yako? Tano. Mzee mwenye sharubu anacheka? Mwache acheke.

Kama unataka sita, tafuta Ruger ya kuanzia 1973. Ina kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na msumari pale tu triga inapovutwa; ukiiachia, kinashuka. Utaitambua kwa pini mbili mahali pa skrubu tatu, na silinda inazunguka ukifungua kilango tu, nyundo huigusi. Hiyo ya 1968 kampuni yenyewe huiwekea kipande kama hicho bure na kukurudishia vipuri vya zamani. Muuzaji atakwambia usiibadilishe, itashuka thamani. Muulize kigimbi chake kina thamani gani. Inawezekana pia mwenye nayo wa mwanzo alishaibadilisha, skrubu zitabaki tatu vilevile, kwa hiyo mpe fundi aifungue kabla hujatoa hata senti.

Mengine uliyouliza: chukua ya kaliba .357, inakula na risasi za .38 Special ambazo ni rahisi mfukoni kuliko .45 Colt, utafanya mazoezi mengi. Kwa wezi, kusema ukweli, tafuta kitu kingine. Saa nane usiku, dole gumba lina jasho, koki, piga, koki, piga, halafu kupakia upya unasukuma maganda moja moja kwa kijiti huku mtu yuko sebuleni.

Mtutu uliuliza inchi ngapi? Wengine watakujibu. Mimi nilinunua wa inchi saba na nusu kwa sababu ulipendeza kwenye kioo.

Lile tundu la bati shemeji hajaliziba mpaka leo. Mvua ikinyesha anaweka ndoo chini yake, na wageni wakiuliza ananiita nije nieleze mwenyewe.