Kitone cha shaba kwenye kilengeo cha bastola

Kaka, umeuliza kama kitone cha shaba ya manjano kwenye kilengeo cha mbele, yaani kile kijiti kidogo juu ya ncha ya bastola unachokitazama unapolenga, unaweza kukitengeneza mwenyewe nyumbani. Unaweza kabisa. Ondoa risasi zote, kisha kitoe kilengeo chenyewe. Usitoboe kikiwa bado juu ya bastola. Kama kina upana wa milimita 3, tundu la milimita 1.5 linatosha, upande unaotazama jicho lako, na lisitokee upande wa pili. Chomeka kipande cha waya wa shaba ya manjano kwa gundi ya epoksi, kilale hadi kesho, halafu piga tupa taratibu. Uso wake uwe bapa, tafadhali! Ukiuacha wa mviringo, jua la ubavuni hung'arisha upande mmoja tu, jicho linaufuata huo, na risasi inakwenda kando.