Kabla Hujaanza Kunyata Karnaca: Kuiandaa Kompyuta kwa Death of the Outsider

Mtu akiniuliza kama kompyuta yake itaweza kuendesha Dishonored: Death of the Outsider, nami humuuliza: wewe unachezaje? Anayeingia na upanga mkononi na kumkata kila anayejitokeza ana mahitaji yake. Anayenyata juu ya mapaa, akingoja mlinzi ageuke ndipo ashuke, ana mahitaji mengine kabisa. Ushauri mwingi wa setingi humsahau huyu wa pili, na mimi ndiye huyo.

Kwa asiyeijua, gemu hii ilitoka Septemba 2017, kazi ya Arkane ya Lyon, Ufaransa, ikiwa ni nyongeza inayojitegemea ya Dishonored 2. Huhitaji kuwa na Dishonored 2 ndipo uicheze. Ndani ya jiji la kubuni la Karnaca unakuwa Billie Lurk, muuaji wa zamani aliyelelewa kikazi na Daud, na safari hii Daud anamtaka wamwangamize Outsider mwenyewe, yule anayegawa nguvu za ajabu tangu gemu ya kwanza. Ukipata nafasi, anza na zile nyongeza mbili za Dishonored ya kwanza, za mwaka 2013, The Knife of Dunwall na The Brigmore Witches. Humo ndimo utakapojua kwa nini Billie na Daud wanazungumza vile wanavyozungumza. Usipozicheza hadithi utaielewa, ila maneno yao mengi yatakupita bila uzito.

Sasa kompyuta. Kiwango cha chini kilichotajwa ni prosesa ya Core i5-2400 au FX-8320, RAM ya GB 8, na kadi ya picha ya GTX 660 yenye GB 2 au HD 7970 yenye GB 3. Kinachopendekezwa ni Core i7-4770 au FX-8350, RAM ya GB 16, na GTX 1060 ya GB 6 au RX 480 ya GB 8. Pengo kati ya viwango hivyo ni kubwa, na wengi wetu tunaangukia humo katikati. Ukiwa hapo, gemu itawaka na itachezeka. Kazi yako ni kuifanya isishtuke-shtuke.

Neno hilo la kushtuka ndilo ningependa ulishike kuliko idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inapewa milisekunde 16.7 hivi. Fremu 30 ni milisekunde 33.3. Jicho huzoea kasi yoyote kati ya hizo ikiwa haibadiliki. Linachokataa ni picha moja kuja kwa milisekunde 14 na inayofuata kwa 50. Anayepigana uwanjani hilo humpita katikati ya kelele. Anayenyata hukutana nalo hasa pale anapogeuza kamera kuchungulia kona, maana ndipo sehemu mpya ya mtaa inapochorwa. Mkono unasogeza kipanya, picha inakwama, kisha inaruka, na wewe umeshapita ukingo wa paa. Afadhali fremu 40 zilizotulia kuliko wastani wa 70 unaoporomoka kila ukigeuka.

Kwa hiyo weka kikomo cha fremu. Tafuta idadi ambayo kompyuta yako haishuki chini yake mahali pazito kabisa, halafu ifunge hapo. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kujinyima. Faida nyingine ni joto: kompyuta ya mapajani isiyokimbizwa hadi mwisho haipandi joto haraka, na prosesa iliyopata moto hujipunguza kasi yenyewe, kwa kawaida baada ya muda, ukiwa ndani ya misheni na si wakati ule wa kupima.

Na hapo kwenye kupima pana mtego. Misheni ya kwanza iko ndani ya jengo, kwenye mabafu yaliyogeuzwa ulingo wa ngumi. Kuta ziko karibu, macho hayafiki mbali, na kompyuta dhaifu inaweza kujiona shujaa. Usipange setingi zako humo. Subiri misheni ya pili, Follow the Ink, inayokutoa nje hadi mtaa wa Upper Cyria. Panda paa, tazama chini mtaa mzima, zungusha kamera taratibu kisha kwa haraka. Picha ikitulia hapo, umemaliza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu mtaa huohuo unarudi katika misheni ya tatu, ile ya benki.

Cha kupunguza kwanza ni vivuli. Ndivyo vinavyokula nguvu nyingi kwa faida ndogo, na katika familia hii ya gemu havikufichi sana. Thief ya mwaka 1998 ilikuwa gemu ya giza: ukisimama kivulini, umefichika. Hapa mlinzi anategemea zaidi kama kuna kitu kati ya jicho lake na wewe. Kabati, ukuta, urefu wa paa, hivyo ndivyo vinavyokuficha, na havibadiliki hata vivuli ukivishusha hadi chini kabisa. (Dishonored 2 ilikuwa na setingi ya peke yake ya vivuli vya panya. Ukiikuta hapa pia, izime bila huruma.)

Ubora wa sura za vitu, yaani picha zinazovalishwa kuta na nguo, hufuata kumbukumbu ya kadi yako. Ikitosha, uziweke juu, hazipunguzi kasi kwa kiasi cha kukusumbua. Isipotosha, ndizo zitakazoleta ule mkwamo wa kugeuka kona, hata kama kila kitu kingine umekishusha. Kadi ya GB 2 isijidanganye.

Umbali wa kuona niliuacha juu kwa makusudi, na ningekushauri uwe wa mwisho kuguswa. Nusu ya mchezo wa mnyataji ni kukaa mbali na kutazama.

Kisha kuna diski, ambayo kwa mtindo wetu wa kucheza naipa uzito kuliko kadi ya picha. Anayenyata husevu na kurudi nyuma mara nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote. F5 ya kusevu, jaribu, ukionekana, F9 ya kurudi. Kwenye diski ya kuzunguka, kila F9 ni kusubiri, na kusubiri kunabadilisha namna unavyocheza: unaacha kujaribu mambo, unachagua njia ya uhakika, gemu inakuwa ndogo. Kama una uwezo wa kubadilisha kifaa kimoja tu, na kadi yako inafikia kile kiwango cha chini, nunua SSD, diski isiyozunguka na inayosoma haraka.

Masikio hayahitaji nguvu yoyote ya kompyuta. Vaa hedifoni. Nyayo na mazungumzo ya walinzi yatakuambia zaidi kuliko setingi yoyote.

Kuhusu kucheza kwenyewe nitasema machache, maana raha yake ni kugundua. Nguvu za Billie ni tatu, na nishati yake hujijaza yenyewe bila chupa ya dawa, kwa hiyo usizibanie kama ulivyozoea. Foresight husimamisha muda na kuiachia roho yako itangulie kupeleleza. Itumie kabla ya kila chumba, na ukiwa ndani yake unaweza kutega alama ya Displace, nguvu inayokuhamishia pale ulipoweka alama, mahali ambapo macho yako ya kawaida hayafiki. Semblance hukuvalisha sura ya mtu mwingine, na ndiyo inayodharauliwa zaidi bila sababu. Sikiliza panya pia. Billie huwaelewa, na wanasema ya maana.

Hakuna ule mfumo wa kupima vurugu uliokuwa ukibadilisha dunia kadiri unavyoua. Hilo limewachukiza baadhi ya wachezaji. Mimi nimelipenda, kwa sababu kutoua sasa ni uamuzi wangu, si hofu ya kupata mwisho mbaya. Kwenye benki, kabla hujafika mlangoni, ulizia kinachopita kwenye mfumo wa hewa. Kuna njia ya kulilaza jengo zima.

Ukimaliza misheni zote tano, utafunguliwa Original Game Plus, mzunguko wa pili wa gemu hiihii, unaozibadilisha nguvu za Billie kwa Blink, Dark Vision na Domino kutoka Dishonored 2. Blink hukuhamisha papo hapo, kamera inarukia mahali papya mara nyingi zaidi kuliko kwa Displace. Ikiwa kikomo chako cha fremu kilikuwa kwenye ukingo, kishushe kidogo kabla hujaanza mzunguko huo, kisha upime tena juu ya paa lilelile la Upper Cyria.