Kufaili ritani ya KRA mara ya kwanza: usikubali "nil" ya haraka haraka

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili ili nisije nikajibu lisiloulizwa. Umesema PIN yako ya KRA, yaani mamlaka ya ushuru ya Kenya, uliichukua 2020 ulipokuwa ukiomba mkopo wa masomo wa HELB, na tangu siku hiyo hujafaili hata mara moja. Umeajiriwa tangu Januari 2025, na kuanzia Septemba unashika daftari za hoteli ndogo kila wikendi, nao pia wanakulipa kama mwajiriwa. Mhasibu wa kazini amekuambia PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ishakatwa kwa hiyo huna haja ya kufaili, na kijana wa saiba (duka la intaneti) amekuahidi kukumalizia kila kitu kwa shilingi mia mbili.

Mimi si mtaalamu wa ushuru. Ni mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Mombasa. Lakini hayo uliyoyataja, karibu yote yamenipitia mwilini, na mengine yamenitoa pesa.

Nianze na huyo mhasibu wenu, maana ndiye atakayekuponza. PAYE ni pesa, ritani ni maelezo. Mwajiri anakata na kupeleka PAYE kila mwezi, na hilo ni jukumu lake. Ritani ni wewe mwenyewe, kwa PIN yako, kuieleza KRA kwamba mwaka mzima uliopita nilipata kiasi hiki kutoka kwa hawa na hawa, na nikakatwa kiasi hiki. Mwajiri hawezi kukufailia kwa sababu hajui una kazi nyingine. Ritani ya mwaka 2025 mwisho wake ni 30 Juni 2026. Ukichelewa, adhabu ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, inayozidi ndiyo utakayotozwa.

Sasa nikuambie ya saiba.

Mwaka 2022, mwisho wa Juni, nilivuka feri kutoka Likoni jioni nimechoka, nikapita saiba moja mjini ambako watu walikuwa wamejipanga hadi nje. Kijana wa pale hakuniuliza naitwa nani wala nafanya kazi gani. Aliuliza PIN na nywila, akabofya mara nne tano, printa ikatema karatasi, akachukua mia yake, "aje mwingine." Dakika tatu. Mimi huyo nikarudi zangu ferini nikijiona raia mwema, risiti ya KRA nimeikunja mfukoni.

Ile karatasi sikuisoma. Nilikuja kuisoma mwaka uliofuata, nilipokuwa nakusanya vyeti vya kuombea kazi ya kaunti: cheti cha polisi cha tabia njema, barua ya HELB na cha ushuru. Afisa wa dawati la KRA pale Huduma Centre, mama mmoja mpole, akaangalia kompyuta yake, akaniangalia mimi, akauliza: "Mwalimu, mwaka 2021 ulikuwa huna kazi?" Nikamwambia nilikuwa nayo, tena nikikatwa kila mwezi. Akanigeuzia kioo. Ritani yangu ilikuwa nil. Yaani nimetangaza kwa sahihi yangu mwenyewe kwamba mwaka mzima sikuingiza hata senti moja, huku mwajiri wangu ameshapeleka PAYE yangu kwa PIN ile ile. Rekodi mbili za mtu mmoja, zinapingana.

Kwa nini wale vijana wanapenda nil? Kwa sababu haitaki kufikiri. Haiulizi P9, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato yako ya mwaka, haiulizi hesabu, na foleni inasonga. Nil ni ya mtu mwenye PIN asiyekuwa na mapato yoyote mwaka huo. Kwako wewe ni halali kwa miaka ile ya chuo tu.

Mimi niliokoka kwa kufaili ritani ya marekebisho. Iko kwenye menyu hiyo hiyo ya ritani ndani ya iTax, tovuti ya KRA ya kufailia, na mtu ana miaka mitano ya kurekebisha. Lakini ya marekebisho haipiti papo hapo, inasubiri afisa aikubali, na mimi kusubiri huko kulinipitisha tarehe ya mwisho ya ile kazi ya kaunti. Kwa hiyo ile mia moja ya saiba ndiyo mia ghali kuliko zote nilizowahi kutoa.

Haya, tuje kwenye hali yako.

Kwanza ingia iTax wewe mwenyewe. Kama nywila umeisahau, na ya tangu 2020 lazima umeisahau, kuna sehemu ya kuomba mpya, itatumwa kwenye barua pepe uliyojisajili nayo. Kama barua pepe yenyewe ni ya yule binamu aliyekufungulia PIN, hapo nenda Huduma Centre na kitambulisho wakubadilishie. Kile kihesabu cha kujumlisha wanachokuuliza ukiingia kisikutishe, si mtihani.

Miaka ya chuo, yaani 2020 hadi 2024 ambayo hukuwa na kazi, ifaili nil mmoja mmoja. Kila mmoja unaweza kuzaa adhabu ya 2,000, basi jiandae kisaikolojia kwa elfu kumi, kisha uangalie leja yako uone zimeandikwa ngapi hasa. Ule msamaha wa adhabu za hadi Desemba 2023 ulifungwa 30 Juni 2025, kwa hiyo usidanganywe na jumbe za zamani za WhatsApp zinazozunguka. Hapa sina la ziada. Inauma, unalipa, yanaisha.

Mwaka 2025 ndio wenye kazi. Dai P9 zako. Nasema "zako" kwa sababu unazo mbili: ya ofisini na ya hotelini. Waajiri wanatakiwa wawe wamekupa kufikia mwisho wa Februari, na leo ni Machi, kwa hiyo usiombe kwa unyonge. P9 ni karatasi moja inayoonyesha mwezi kwa mwezi: mshahara ghafi, makato yanayoruhusiwa, kiasi kinachotozwa ushuru, nafuu ya kibinafsi (kiasi unachopunguziwa kwenye ushuru wenyewe), na mwisho PAYE uliyokatwa. Hakikisha PIN yako imeandikwa sawasawa. Herufi moja ikikosewa, huenda ushuru wako usionekane kwenye PIN yako.

Mwenye mwajiri mmoja ana bahati siku hizi, maana ile fomu ya mtandaoni ya walioajiriwa huja imeshajazwa kutokana na alichotuma mwajiri. Kazi yake ni kulinganisha na P9, sio kubofya tu. Mimi nilitumia ile fomu ya ritani ya Excel, kwa sababu nilikuwa na waajiri wawili kama wewe. Ukiitumia, fungua kwa Microsoft Excel yenyewe na uruhusu makro, la sivyo vile vitufe vitakuwa mapambo tu. Waajiri unawaweka kwenye ukurasa wa F, kila mmoja na mstari wake. PAYE waliyokukata unaiweka ukurasa wa M, vile vile mistari miwili. Halafu hesabu inafanyika ukurasa wa T.

Hapo kwenye T ndipo wengi wanapopiga kelele "KRA inanidai!" Mara nyingi si deni, ni kwamba umeandika mshahara ghafi kule F lakini hukuandika makato kule T. NSSF, ile akiba ya uzeeni, inapunguzwa kabla ya ushuru. Kwa mwaka 2025 vilevile SHIF ya bima ya afya na ile tozo ya nyumba za bei nafuu, maana sheria ilibadilika mwishoni mwa Desemba 2024; kabla ya hapo ile ya nyumba ilikuwa nafuu ya asilimia 15 tu. Ukisahau hata moja, mfumo unakuona tajiri kuliko ulivyo. Ikiwa unalipia bima ya maisha au ya elimu ya mtoto, nayo ina nafuu yake ya asilimia 15 ya unacholipa, isiyozidi 60,000 kwa mwaka.

Lakini wewe, dada, huenda deni lako likawa la kweli. Nieleze kwa hesabu yangu ya mwaka 2023.

Shuleni, baada ya makato, kiasi changu cha kutozwa ushuru kilikuwa 50,000 kwa mwezi. Elfu 24 za kwanza ni asilimia 10, 8,333 zinazofuata ni asilimia 25, zilizobaki ni asilimia 30. Jumla 9,783, ukiondoa nafuu ya 2,400 nakatwa 7,383 na senti. Kwa mwaka ni kama 88,600. Hapo mimi na KRA hatudaiani.

Kuanzia Septemba nikapata vipindi vya jioni chuo kimoja, 20,000 kwa mwezi. Chuo nao wakapiga hesabu yao kana kwamba wao ndio mwajiri wangu wa pekee: elfu 20 kwa asilimia 10 ni 2,000, toa nafuu ya 2,400, hakuna cha kukata. Nikawa napokea elfu 20 nzima, nafurahi, nawasifu. Kumbe nafuu ni moja kwa mtu mmoja, 28,800 kwa mwaka, na ilikuwa imeshatumika shuleni. Na zile ngazi za asilimia 10 na 25 nazo zimeshajazwa na mshahara wa shule. Kwa hiyo kila shilingi ya chuo ilitakiwa itozwe asilimia 30 tangu mwanzo. Miezi minne, 80,000, ushuru 24,000. Nilipojaza P9 ya pili mwezi Juni 2024, ukurasa wa T ukaniandikia 24,000 palepale. Nilifuta nikajaza upya mara tatu nikidhani nimekosea.

Na bado. Nilidhani kwa kuwa tarehe ya mwisho ni 30 Juni, nimo ndani ya muda. Ritani, ndiyo. Pesa, hapana. Salio la ushuru wa mwaka linatakiwa liwe limelipwa kufikia 30 Aprili. Hili watu hawalisemi, kwa sababu wengi wana mwajiri mmoja na salio lao ni sufuri. Nikaongezwa asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, 1,200, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, miezi miwili, 480. Jumla 25,680. Mshahara wa vipindi vya mwezi mzima na zaidi, nimeuteketeza kwa kutojua tarehe moja.

Ndiyo maana nakuhimiza wewe usingoje Juni. Kaa na P9 zako mbili wiki hii, chukua kalamu, uangalie ya hoteli: kwenye safu ya nafuu, wameandika 2,400 kila mwezi? Kama wameandika, na mshahara wako wa ofisini kinachotozwa kinazidi 32,333 kwa mwezi, basi chukua jumla ya kinachotozwa ushuru kwa hoteli, zidisha kwa asilimia 30, toa walichokukata. Ndilo deni lako, au karibu na hapo. Ukifaili kabla ya Aprili kuisha na kulipa, hakuna adhabu ya huo mwaka wala riba. Malipo unayaanzisha ndani ya iTax kwanza, inakupa namba ya malipo ya PRN, ndiyo unayoilipia kwa M-Pesa au benki. Usitume pesa kwa namba ya simu ya mtu yeyote anayejiita wakala.

Halafu nenda kawaambie hoteli kwa upole kwamba wewe una mwajiri mwingine, kwa hiyo wasikupe nafuu. Mimi chuo nilipowaambia, walikubali bila ubishi. Na kwa kuwa hata hivyo wanakata kwa ngazi za chini, kila mwezi natenga kidogo pembeni kwenye akaunti nisiyoigusa, nikijua Aprili inakuja.

Wapo wanaosema kama hoteli inakulipa kwa mkataba wa huduma na kukukata asilimia 5, basi yameisha. Hapana. Ile asilimia 5 ni ushuru wa zuio, ni malipo ya awali tu. Mapato yenyewe lazima uyatangaze, kisha hiyo 5 inahesabiwa upande wako. Lakini umesema wanakupa P9, kwa hiyo hilo si lako.

Ukimaliza kutuma, pakua risiti ya ukiri, ile yenye namba inayoanza na KRA na mwaka. Isome kabla hujafunga kompyuta: aina ya ritani, mwaka, kiasi. Mimi siku hizi naisoma kama barua ya mahakama.

Ukikwama kwenye M au T rudi hapa uandike tarakimu zako, tutakokotoa pamoja. Ila ile picha ya P9 uliyoiweka kwenye ujumbe wako wa kwanza, dada, ifute leo. PIN yako na jina la mwajiri vinasomeka vizuri kabisa.