Kanda za zamani kwenye kompyuta: maswali ya watu wa Kigoma

Haya jamani, tangu nigusie hapa kwamba deki za VHS hazitengenezwi tena duniani (Funai wa Japani ndo walikuwa wa mwisho, wakaacha 2016) naona watu wameanza kuvuta maboksi uvunguni. Nimechukua maswali machache.

Shikamoo fundi. Nina kanda ya harusi yetu ya 1997, deki inafanya kazi, laptop ninayo. Naanzia wapi? (Mama, Mwanga)

Marahaba mama. Kwanza geuza kanda, ule upande wa mgongo kuna kijino cha plastiki, kivunje, hapo hata mtoto akibonyeza rekodi deki inakataa. Halafu ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote, mkanda uliokaa miaka unahitaji kulegea kabla haujacheza. Kinachokosekana kwako ni kepcha ya USB tu, kile kifaa cha kuingiza picha ya deki kwenye kompyuta, upande mmoja inaingia kwenye laptop, upande wa pili ina njano ya picha na nyekundu na nyeupe za sauti, waya ni zile zile za AV ulizokuwa unachomeka kwenye tivii. Programu ya kurekodi weka OBS Studio, ya bure, ila usiiache na ule ukubwa wake wa 1920 kwa 1080, weka 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, maana kanda za huku ni za mfumo wa picha unaoitwa PAL na hazina zaidi ya hapo, ukilazimisha unajaza diski bure. Kuangalia angalia kwa 4:3, ukiivuta ijae skrini bwana harusi ananenepa.

Na umeme ukikatika katikati usianze kuchokonoa deki kwa bisibisi! Mkanda unakuwa umezungushwa kwenye hedi (kile kinachosoma mkanda), subiri umeme urudi, bonyeza stop, ndo utoe.

Kaka, kanda zetu zilikaa stoo huku Ujiji, ukichungulia kwenye kidirisha unaona weupe unga unga. Nikizicheza kuna shida?

Usizicheze! Huo ni ukungu, na ukiingiza kanda moja ya hivyo kwenye deki umeshaipaka ugonjwa deki yenyewe, na kanda nzima utakayoweka baadaye nayo inabeba. Huku kwetu karibu na ziwa unyevu ni mwingi na masika ndo kabisa, kwa hiyo wala sishangai. Zitenge na zile nzima, ziweke pakavu penye hewa lakini sio juani, joto linapinda plastiki na mkanda unajikunja, ziache zikauke kabisa maana ukungu mbichi ukiugusa unapakaa na ule mkavu unapukutika. Kufuta ni nje ya nyumba na barakoa usoni, ile vumbi sio ya kuvuta. Ganda lina skrubu tano chini, ukilifungua piga picha kila hatua kwa simu, kuna vispringi vidogo vinaruka na ukishavipoteza unabaki unabishana na plastiki. Mkanda unaufuta taratibu kwa kitambaa laini kisichoachia nyuzi huku unauhamisha toka gurudumu moja kwenda lingine, ikibidi kilowanishe kidogo kwa isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 kwenda juu, maji hapana, spiriti ya kidonda nayo hapana kwa sababu ina maji. Mara ya kwanza cheza kwenye deki kuukuu ambayo hujali ikiharibika ila anza kurekodi hapo hapo, inawezekana hiyo ndo mara pekee itakayocheza vizuri.

Tuna kaseti za babu anasimulia habari za ukoo kwa Kiha, pamoja na za dansi la Kongo kibao. Sauti ya babu imekuwa nzito kama yuko ndani ya blanketi. (Kasulu)

Anza na babu. Dansi linaweza kusubiri, nyimbo hizo wenzako wanazo ila babu yako yuko kwenye hizo kaseti tu. Sauti nzito mara nyingi ni hedi chafu, isafishe kwa isopropili hiyo hiyo. Ikibaki nzito, pembeni ya hedi kuna kiskrubu kidogo, kizungushe kidogo sana huku kaseti inacheza, kuna mahali zile s na sh za babu zitafunguka ghafla, acha hapo. Kila kaseti ina mahali pake, iliyorekodiwa redio nyingine utarudia.

Kuingiza kwenye kompyuta watu wengi wanachomeka kwenye tundu la maiki la laptop, matokeo yake sauti inakwaruza, lile tundu limetengenezwa kwa sauti ndogo. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini-ini (line in), rekodi kwa programu ya Audacity, kilele cha sauti kisipite kama -6 dB, na uhifadhi WAV sio MP3. Kaseti ya dakika 60 inakula kama MB 600, sio kitu siku hizi. Mkanda ukikatika usiunge kwa selotepu, gundi yake inatoka inabandika mizunguko ya jirani.

Video nimeingiza lakini mtu akitembea anakuwa na mistari mistari pembeni.

Sio ubovu. Picha ya kanda inakuja nusu nusu, mistari ya shufwa kivyake na ya witiri kivyake. Kwenye VLC bonyeza D itatulia, na faili la asili usiliguse.

Faili GB 6, fleshi GB 32 tupu, inasema haitoshi!

Fleshi imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ifomati iwe exFAT, ila kilichomo kinafutika.

Shangazi katuletea kanda toka Marekani, kwenye deki inatoka nyeusi na nyeupe na inaruka.

Hiyo ni NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, sio PAL ya huku. Tafuta deki ya mifumo yote, na uangalie sana hapa, kuna deki za PAL zinazoionyesha kwa rangi safi kwenye tivii halafu kepcha inaipokea bila rangi, kwa hiyo kabla hujalipa hela nenda na laptop yako na hiyo kepcha ujaribu pale pale dukani.