Sokoni Antigua, Guatemala: maswali yenu na majibu yangu

Tangu nisimulie wiki sita nilizokaa Antigua nikijifunza Kihispania, wengi mmeniandikia kuhusu soko lake. Leo najibu barua tano.

Naenda Guatemala kikazi na nitakuwa na Jumamosi moja tu ya mapumziko. Soko liko upande gani, na nifike saa ngapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jumamosi yako imeangukia pazuri. Siku kubwa za soko ni Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, wakulima wa vijiji vya milimani wanapoteremsha mazao yao. Kutoka Parque Central, bustani ya katikati ya mji, shika magharibi mpaka uvuke barabara ya Alameda Santa Lucía. Utakutana kwanza na soko la vinyago na zawadi, safi na tulivu. Usiishie hapo. Soko lenyewe liko jirani, limebanana na stendi ya mabasi, na ukifika saa mbili asubuhi utalikuta limechangamka.

Zamani soko hilo lilikuwa karibu na bustani, ndani ya magofu ya watawa wa Compañía de Jesús, yaani Wajesuiti. Tetemeko la Februari 4, 1976 ndilo lililolihamisha. Huu ni mji uliozoea kuhamishwa na ardhi: lile la mwaka 1773 liliuvunja hata serikali ikahamishia makao makuu mahali ilipo Guatemala City leo.

Shikamoo. Kihispania sijui hata salamu. Nitanunuaje vitu bila kulanguliwa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Jifunze maneno matatu kabla ya kupanda ndege: *buenos días* (habari za asubuhi), *cuánto cuesta* (bei gani), *gracias* (asante). Salamu itangulie, kama kwetu. Anayeuliza bei kabla ya kusalimu huonekana hana adabu. Mama muuzaji mwite *seño*. Yeye atakwambia *pase adelante*, na hiyo ndiyo karibu yao.

Mboga na matunda hupimwa kwa ratili, *libra*, karibu nusu kilo, kwa hiyo usistuke bei ikionekana ndogo kuliko ulivyotarajia. Fedha yao ni quetzal, jina la ndege ambaye manyoya yake Wamaya wa kale, wenyeji wa asili wa huko, waliyathamini mno. Beba noti ndogondogo, maana mama mwenye fungu la nyanya hana chenji ya noti ya 100. Na kwenye vyakula usivutane sana bei. Simama pembeni, sikiliza mwenyeji analipa ngapi, nawe toa hiyohiyo.

Mimi ni Mwislamu na napenda kula sokoni. Nitapata chakula? Na kuna kitu chochote cha kunikumbusha nyumbani? (Msomaji, Unguja)

Vya kukumbusha nyumbani ni vingi mpaka utashangaa. Msimu ukifika kuna shokishoki. Kuna matopetope, ndizi za kupika na maparachichi, tena watu wa Antigua wenyewe hutaniwa kuwa ni *panzas verdes*, matumbo ya kijani, kwa kuyapenda maparachichi. Embe mbichi hukatwa vipande, ikatiwa ndimu, chumvi, pilipili na unga wa mbegu za maboga. Huo unga ndio tofauti pekee na embe ya Forodhani, na mimi sasa nautia hata nikiwa nyumbani.

Kuhusu mlo, ukae macho. Nguruwe huingia kwenye *tamales* nyingi, vile vyakula vya unga wa mahindi vinavyofungwa majani na kupikwa kwa mvuke, na mafuta yake, *manteca*, huweza kuwemo hata kwenye maharage meusi ya kukaanga. Uliza: *¿Lleva cerdo? ¿Lleva manteca?* Yaani, ina nguruwe? Ina mafuta yake? Kuku wa kuchinjwa kwa bismillahi usimtarajie. Kwa mama lishe wa humo sokoni kula mayai, jibini, parachichi na tortila za moto, ile mikate myembamba ya mahindi. Mahindi yake huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, na ndipo inapotoka harufu ile isiyofanana na ya ugali wetu. Utasikia akinamama wakizipigapiga viganjani, pa-pa-pa, kabla hujawaona. Maji ya bomba usinywe.

Na iliki! Guatemala ni miongoni mwa nchi zinazouza iliki nyingi zaidi duniani, na sehemu kubwa huenda nchi za Kiarabu, kwenye kahawa ya Ghuba. Hulimwa hasa Alta Verapaz, kaskazini mwa Antigua. Lakini wenyeji hawaipiki sana, kwa hiyo usitegemee kuinusa jikoni kwao.

Nauza khanga. Nataka kununua zile blauzi za kufumwa za Guatemala. Nitajuaje ya kweli, na nipatane mpaka wapi? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili ndilo nililolisubiri. Blauzi hiyo inaitwa *huipil*. Khanga yako huzungumza kwa jina lililoandikwa chini yake. Huipil huzungumza kwa nakshi, na ajuaye kuisoma hutambua kijiji cha mvaaji.

Ya kweli hufumwa kwa mtambo wa kiunoni: ncha moja ya mtande, zile nyuzi za urefu, hufungwa kwenye mti au nguzo, nyingine kwenye mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji, naye huukaza kwa kuegemea nyuma. Upana wa kitambaa hauwezi kuzidi mikono yake inapofika. Kwa hiyo tafuta mshono: huipil nyingi ni vipande viwili au vitatu vilivyoungwa. Kisha geuza upande wa ndani. Iliyochapwa kwa mashine huwa imepauka nyuma, haina uzi wa nakshi. Za San Antonio Aguas Calientes, kijiji jirani cha Wakaqchikel, mojawapo ya jamii za Wamaya, zinasifika kwa nakshi inayosomeka pande zote mbili.

Za kuchapwa zimejaa sokoni na bei yake ni rahisi. Wenyeji wengi nao huzivaa kwa sababu hiyo. Sizidharau. Ila ile ya mkono huweza kula miezi ya kazi ya mwanamke mmoja, aliyefuma huku akipika na kulea. Punguziwa kidogo, kwa heshima, halafu lipa. Ukimwangusha mpaka nusu kwa kuwa unamwona ana haja ya fedha siku hiyo, umechukua miezi yake bure. Wewe muuza khanga unajua uchungu wa mteja wa namna hiyo. Kama mfuko hauruhusu, nunua mshipi mwembamba wa kusuka nywele, nao umefumwa.

Kuna mitumba? Na naweza kupiga picha? (Msomaji, Nairobi)

Mitumba ipo, tena tele. Wanaiita *paca*, yaani robota, maana ileile ya neno letu mtumba. Nguo nyingi hutoka Marekani, na mabasi ya shule ya hukohuko ndiyo yaliyopakwa rangi na kuwa usafiri wa abiria pale stendi. Mtu wa matatu atajisikia nyumbani.

Picha, omba kwanza: *¿Puedo tomar una foto?* Nunua kitu kabla ya kuomba. Watoto usiwapige picha bila ruhusa ya mzazi, maana kuna hofu ya muda mrefu ya watoto kuibwa na wageni. Mama akitikisa kichwa, weka simu mfukoni, mshukuru, umwulize parachichi gani limeiva la kuliwa leo.