Maswali na Majibu: Mfuko wa Nyongo Ukitolewa, Uende Maabara

Altrasaundi imeonyesha vijiwe vya nyongo. Ndiyo saratani? (Morogoro)

Hapana. Wengi wenye vijiwe hawataugua saratani ya mfuko wa nyongo maisha yao yote. Vijiwe vinavyozidi sentimita 3 ndivyo vinavyotutia wasiwasi zaidi.

Ni lazima nifunge kula kabla ya altrasaundi? (wengi)

Lazima, ukae bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Ukinywa chai ya maziwa na chapati, mfuko hukamua nyongo na kusinyaa, ukuta wake ukaonekana mnene. Unene huohuo ndio tunaoutafuta kama dalili ya saratani. Nimeshalijibu mara nyingi, tafadhali lishikeni.

Nina kinyama cha milimita 6 ndani ya mfuko. Daktari kasema nirudi baada ya miezi 6. Ananipuuza? (Mombasa)

Hakupuuzi. Vinyama vingi ni kolesteroli iliyoganda ukutani. Tunachotazama ni kama kinakua. Kikifika milimita 10, kwa kawaida mfuko hutolewa. Lakini urudi kweli, tena na picha za kwanza. Ukienda mikono mitupu, mpimaji atalinganisha na nini?

Nasikia Chile watu hutolewa mfuko ili kuzuia saratani. Nasi tuige? (Arusha)

Chile inaongoza kwa ugonjwa huu pamoja na Bolivia na kaskazini mwa India. Tangu 2006 mpango wake wa afya unawahakikishia upasuaji huo wenye vijiwe wa miaka 35 hadi 49. Kwetu ni saratani adimu, na kisu nacho kina hatari zake. Kijiwe kisichouma, kwa kawaida tunakiacha.

Mama alitolewa mfuko mwaka jana kwa sababu ya vijiwe. Altrasaundi haikuonyesha uvimbe. Sasa macho yamekuwa ya njano, wanataka apigwe picha za siti skani na MRI. Za nini, na mfuko haupo? (Tanga)

Pole sana, ndugu yangu. Nami nakuuliza: ule mfuko ulipimwa maabara?

Saratani changa hujificha. Kwenye picha huonekana kama ukuta ulionenepa tu, sawa na mfuko uliovimba kwa miaka kwa ajili ya vijiwe. Wagonjwa wengi hugundulika baada ya upasuaji, kwenye hadubini. Na kama saratani imefika kwenye msuli wa ukuta, kutoa mfuko peke yake hakutoshi. Upasuaji hurudiwa, ikakatwa sehemu ya ini na tezi za jirani. Ndiyo maana inaniuma kuona familia ikikabidhiwa kikopo chenye mfuko uliotolewa iende yenyewe maabara, na kwa kukosa pesa kikaishia kabatini.

Manjano maana yake huenda njia ya nyongo imeziba: kijiwe kilichosalia, kovu la upasuaji au uvimbe. MRI itaonyesha ilipozibia. Siti skani yenye dawa ya mshipani itaonyesha ini, tezi na mishipa ya damu. Zote mbili zinahitajika. Dai pia ripoti ya maabara, na kama sampuli imehifadhiwa, isomwe upya.

Akipata homa na kutetemeka juu ya hayo manjano, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huohuo.